Sabuni, Maji na Nywele za Wanaume: Mazungumzo Yaliyotolewa Wasso

 

Tulipoambiwa kwamba zamu yetu ya kuzungumza imefika, wengi walidhani tutasema habari za chanjo ya ng'ombe au za karatasi za mashamba, maana hizo ndizo kazi za karani. La, leo tutasema habari za nywele za wanaume, na hasa habari hii: ni mara ngapi yampasa mwanamume kuosha kichwa chake kwa sabuni. Tumeona wengine wanacheka. Wacheke, si neno. Lakini wasikilize mpaka mwisho, maana katika jambo hili dogo sisi tulimkosea mama wa watu, na kosa hilo ndilo lililotuleta mbele yenu.

Sisi tulizaliwa Karatu, katika nyumba ya Wairaqw, tukasomeshwa katika shule ya misheni. Huko bwenini, kila asubuhi kabla ya kengele, mkubwa wa bweni alitupanga mstari akatazama kucha, masikio na vichwa. Hakutazama tu, bali alinusa. Mtoto ambaye kichwa chake hakikunukia sabuni alirudishwa bombani, hata kama kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba. Hatumlaumu mtu yule, kwa kuwa alikuwa na watoto wengi katika chumba kimoja, naye aliogopa maradhi. Lakini tulitoka shuleni na neno moja limekaa ndani yetu kama msumari, kwamba usafi ni harufu ya sabuni, na asiyenukia sabuni ni mchafu. Hatukuwahi kuuliza kama neno hilo ni kweli.

Basi tulipohamia Wasso mwaka 2021 tulipanga chumba katika boma la mama mmoja wa Kimaasai, ambaye kwa heshima twamwita Yeyo kama wanawe wamwitavyo. Kila asubuhi tulichukua nusu ya ndoo, yaani lita 10, tukaosha kichwa kwa sabuni ya mche, sabuni ile ile ya kufulia nguo, kisha tukayamwaga maji yale kando ya ua. Tulifanya hivyo mwezi baada ya mwezi, nasi twajiona watu waliostaarabika.

Ninyi mwaijua nchi hii. Maji ya Wasso hayatoki yenyewe chumbani. Mtu ameyafuata, au punda ameyabeba, na mtu huyo karibu siku zote ni mwanamke. Wenzetu Wasonjo wa Digodigo wana mifereji yao tangu kale, lakini huku juu twatazama mbingu. Ulipofika ukame wa mwaka 2022, mifugo ikafa katika sehemu nyingi za kaskazini, Yeyo akawa anatoka gizani kwenda kutafuta maji, na sisi bado twamwaga povu kando ya ua. Siku moja alisimama akatutazama, kisha akasema kwa upole, “Ero karani, una vichwa vingapi?” Tukamjibu kwamba tunacho kimoja tu. Akasema, “Mimi nina mbuzi, nao hunywa maji kidogo kuliko kichwa chako.” Halafu akaenda zake.

Tulipofanya hesabu tuliona haya. Lita 10 kila siku ni lita 70 kwa juma, ndoo tatu na nusu, na zote za kichwa kimoja. Nasi twajiita watu wa hesabu!

Na kichwa chenyewe kilikuwaje? Hapa yatupasa kusema kweli. Kilikuwa kibaya. Ngozi ilikauka ikapasuka, magamba meupe yakaanguka mabegani juu ya koti la kazi, na usiku tulijikuna mpaka damu. Tulidhani hatujaosha vya kutosha, tukazidi kuosha, na kadiri tulivyozidi kuosha ndivyo kilivyozidi kuharibika. Mwishowe tulivaa kofia ofisini mbele ya wazee. Jambo hilo si adabu, na mzee mmoja alituambia hivyo waziwazi.

Katika boma lile alikuwamo mwana wa Yeyo, morani, mwenye nywele ndefu zilizosokotwa nyembamba na kupakwa mafuta na ngeu nyekundu mpaka zikafika mgongoni. Kijana yule hakutia sabuni kichwani hata siku moja tuliyoiona. Tulimdharau moyoni. Lakini kichwa chake hakikuwasha, nasi tulikuwa twavuja damu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 alitujia akasema anataka kazi ya ulinzi mjini, naye alitaka tumwandikie barua. Tukamwandikia. Lakini kabla ya kumpa tulimwambia, “Ukate kwanza nywele hizo chafu. Hakuna atakayekupokea na kichwa hicho.” Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Sawa, bwana karani.” Siku ya pili alikwenda kwa kinyozi wa madukani akanyolewa kwa mashine, karibu kabisa na ngozi.

Jioni Yeyo alimwona. Hakupiga kelele. Alikaa chini mlangoni, akachukua muda mrefu, kisha akatuambia sisi, si mwanawe, “Nywele zile zilikuwa zangu kuzinyoa.”

Kwa wale waliotoka mbali, kama sisi, yafaa tueleze. Kwa Wamaasai morani hufuga nywele, na wanawake ndio wanyolewao. Nywele za morani si urembo tu, bali ni alama ya umri wake na ya kazi yake. Zamu ya umorani inapokaribia mwisho hufanywa sherehe ya Eunoto, na hapo kijana huketi juu ya ngozi ya ng'ombe, mama yake humlowesha kichwa kwa maji yaliyochanganywa na maziwa, kisha humnyoa kwa mkono wake mwenyewe. Kuna morani hodari ambao hutokwa na machozi siku ile. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliiandika Eunoto, pamoja na Enkipaata na Olng'esherr, kwa ombi la Kenya, katika orodha ya mambo ya urithi wa watu yanayohitaji kulindwa haraka. Basi sisi, kwa neno moja la kiburi, tulimnyang'anya mama huyu kazi aliyoingojea miaka mingi. Na jambo linalotuchoma zaidi ni hili: mwajiri yule hakuuliza habari ya nywele. Walinzi wengine wawili aliokuwa nao walikuwa na nywele nyekundu mpaka mabegani.

Ndipo tulipoanza kutafuta maarifa. Tulikwenda kwa tabibu na kichwa chetu, tukasoma vitabu, tukauliza wazee. Yale tuliyoyapata ndiyo tutakayowaeleza sasa.

Chini ya ngozi ya kichwa, kando ya kila shina la unywele, mna tezi ndogo itoayo mafuta. Mafuta hayo hupanda juu, huifunika ngozi, huzuia maji ya mwili yasipotee, na huufanya unywele uwe laini usikatike. Mwenye nywele za singa, kama Mhindi au Mzungu, mafuta yake hushuka upesi mpaka ncha ya unywele, kwa kuwa njia imenyooka, na kwa hiyo baada ya siku chache kichwa chake chaonekana kimelowa mafuta. Lakini nywele zetu za kipilipili zimejizungusha kama shina la mtango. Mafuta hupanda kidogo yakakwama. Kwa hiyo ngozi inaweza kuwa na mafuta ya kutosha, na huku nywele zenyewe ni kavu kama nyasi za kiangazi. Mtu mwenye nywele za namna hii akiosha kila siku kwa sabuni kali ajiondolea hata yale mafuta machache aliyo nayo.

Tena sabuni si zote sawa. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, kama maziwa yanayoanza kuganda. Sabuni ya mche ni kinyume chake, ina ukali wa upande wa magadi. Na ninyi mnaoshuka Ngaresero mwayajua magadi ya Ziwa Natron, jinsi yanavyouma mguu wenye jeraha. Sabuni ya kufulia imefanywa ili iondoe mafuta ya shati. Haijui kwamba sasa imewekwa juu ya kichwa cha karani.

Shampuu, yaani sabuni ya maji ya nywele, ni laini kuliko sabuni ya mche, lakini nayo si ya kale kama watu wanavyodhani. Neno lenyewe latoka katika Kihindi, nalo maana yake ni kukandakanda. Mtu wa Patna nchini India, jina lake Sake Dean Mahomed, alilipeleka Uingereza katika mji wa Brighton mwanzoni mwa karne ya 19, akafungua nyumba ya kukanda watu kwa mvuke na mafuta, hata wafalme George wa Nne na William wa Nne wakamtumia. Wakati ule shampuu ilikuwa ni kukandwa mwili, wala si chupa. Baadaye ikawa kuosha kichwa. Hans Schwarzkopf wa Berlin alianza kuuza unga wa kuoshea nywele mwaka 1903, na shampuu zilizofanywa kwa dawa za viwandani badala ya sabuni ya mafuta zilienea Marekani tangu miaka ya 1930. Kabla ya hapo Wazungu wenyewe hawakuosha vichwa kila siku. Mwaka 1908 gazeti la New York Times liliwashauri wasomaji waoshe nywele mara moja katika majuma mawili, na mwenye nywele nzima angoje mwezi mmoja hata majuma sita. Desturi ya kila siku ilikuja pamoja na mabomba ya nyumbani, maji ya moto, na matangazo ya wenye viwanda. Mwenye kuuza chupa hawezi kukuambia uitumie mara chache.

Siku hizi chama cha waganga wa ngozi wa Marekani chawashauri watu weusi waoshe nywele mara moja kwa juma, au mara moja katika majuma mawili. Tuliposoma neno hilo tulikumbuka ndoo zetu tatu na nusu, tukafunga kitabu kwanza.

Wala desturi hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Waislamu wa pwani wana josho la Ijumaa, ambalo ni mara moja kwa juma, na kila siku wanapotia udhu hupaka maji kichwani bila sabuni, na hapana mtu awezaye kuwaita wachafu. Bibi zetu wa Karatu walipaka mafuta ya nyonyo. Watu wa Unguja hupaka mafuta ya nazi. Na Wamaasai wana mafuta na ngeu. Ngeu ni udongo wenye chuma, rangi yake ni ile ile ya kutu, na wataalamu waliopima ngeu wanayojipaka wanawake wa Himba huko Namibia waliona kwamba huzuia miale mikali ya jua. Kwa hiyo kichwa cha morani kimefunikwa dhidi ya jua na upepo kwa vitu viwili ambavyo havihitaji hata kopo moja la maji. Watu waliokaa katika nchi kavu karne nyingi hawakuwa wapumbavu.

Lakini tusije tukaanguka upande wa pili. Kuna vijana waliosikia habari hizi nusu, wakasema, “Kumbe sabuni ni sumu, basi tuache kabisa.” Hatusemi hivyo. Mba hutokana na kimelea kidogo cha jamii ya ukungu kinachokaa katika ngozi ya karibu kila mtu na kula mafuta yake. Kwa wengine hakina neno, lakini kwa wengine kikizidi ngozi huwasha na kumwaga magamba. Mtu wa namna hii akikaa muda mrefu bila kuosha, na huku azidisha mafuta juu ya ngozi, akilisha kimelea. Yeye yampasa kuosha mara nyingi zaidi kuliko wenzake, kwa shampuu yenye dawa, kama ile ya ketokonazoli au ya seleniamu salfaidi, aiache kichwani kama dakika tano kabla ya kuisuuza. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kila kichwa chenye ngeu ni kizima. Wamo morani wenye mba pia, nao hujikuna kwa kijiti.

Hata sisi tulikuwa na mambo mawili pamoja: mba kidogo, na ngozi iliyounguzwa na sabuni. Tabibu alituambia maneno machache: “Acha sabuni ya mche. Tumia hii mara mbili kwa juma kwa mwezi mmoja, kisha mara moja.” Baada ya majuma matatu tuliivua kofia.

Wako pia wasemao kwamba ukiacha kuosha, kichwa chako hujifunza kutoa mafuta machache. Neno hili latajwa sana, lakini halina msingi. Tezi za mafuta huongozwa na vichocheo vya mwili, ndiyo maana kijana wa miaka 18 ana mafuta mengi kuliko mtoto na kuliko mzee. Hazijui kama jana umeosha au hukuosha. Kadhalika upara. Mwanamume hapati upara kwa kuosha wala kwa kutoosha. Huupata kwa urithi wa ukoo na kwa vichocheo vya kiume. Kwa hiyo wale wauzao mafuta ya kuotesha nywele minadani muwatazame kwa macho mawili. Watu wa wilaya hii tulioona misururu ya magari kwenda Samunge mwaka 2011 hatuhitaji kufundishwa jinsi mtu mwenye shida anavyoikimbilia dawa.

Sasa, tufanyeje? Tutawaambia tufanyavyo sisi. Siku ya Jumamosi twachukua lita tatu tu za maji, na kopo. Kopo la kwanza twalowesha kichwa chote. Twatia shampuu kidogo kiganjani, kiasi cha kujaza kizibo cha soda, twaisugua kwenye ngozi kwa ncha za vidole, wala si kwa kucha, maana kucha hufungua mlango wa vidonda. Nywele zenyewe hatuzisugui, povu likishuka lazitosha. Kisha twasuuza mpaka maji yashuke meupe bila utelezi. Wengi hukosea hapa. Huiacha sabuni kichwani kwa kuyahurumia maji, ikakauka, ikawasha, nao wakadhani ni mba. Afadhali kupunguza sabuni kuliko kupunguza maji ya kusuuza. Nywele zikiwa bado zina unyevu twatia matone machache ya mafuta ya nazi au ya nyonyo, zaidi kwenye nywele na kidogo sana kwenye ngozi, kisha twachana kwa chanuo lenye meno mapana. Katikati ya juma, tukitoka safarini na vumbi la barabara ya Ngaresero, twapitisha kitambaa kilicholoweshwa maji, basi. Maji yale ya kusuuza Yeyo hayamwagi tena. Huyatia katika shina la mpapai.

Mwenye kazi ya jasho jingi, kama mpiga tofali au dereva wa pikipiki avaaye kofia ya chuma kutwa, aweza kuosha mara mbili kwa juma. Mwenye nywele fupi sana hana haja ya shampuu nyingi. Aoshapo uso apitishe maji utosini. Na Mhindi au mtu mwingine mwenye nywele za singa asifuate kipimo chetu, afuate cha nywele zake.

Jambo jingine watu hulisahau: kichwa hakikai peke yake. Kofia isiyofuliwa mwaka mzima, foronya ya mto, kitambaa cha kujifutia, chanuo linalozunguka nyumba nzima, hivi vyarudisha uchafu juu ya kichwa kilichooshwa jana. Afadhali kuosha kichwa mara moja kwa juma na kufua foronya, kuliko kuosha kichwa kila siku na kulalia foronya ya mwaka jana.

Sasa twafika kwenye mashine ya kinyozi, na hapa twaomba vijana wasogee karibu, maana madhara makubwa tuliyoyaona hayakutoka katika vumbi wala mafuta, yalitoka huko.

Mwana wa Yeyo alinyolewa kama tulivyosema, karibu kabisa na ngozi. Unywele wa kipilipili ukikatwa namna hiyo, ncha yake huwa kali, na kwa kuwa umejipinda, unapoota tena hujichoma ndani ya ngozi. Baada ya majuma machache akatokwa na vipele kisogoni, pale nywele zinapoishia shingoni. Alivikuna, akarudi kwa kinyozi akanyolewa tena ili vionekane kuwa vichache, vikazidi, vikaanza kuwa vigumu kama punje za mahindi. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume weusi walio vijana, na ukiachwa hufanya makovu makubwa ambayo nywele hazioti tena juu yake. Alipotibiwa aliambiwa neno la kwanza kabla ya dawa yoyote: asinyoe kisogo karibu na ngozi, wala asivae kola ngumu inayosugua. Alipona, lakini makovu matatu yamebaki. Twayaona kila anapoinama kufunga viatu.

Kwa watoto kuna mashilingi, yale mabaka ya duara yenye nywele zilizokatika. Hayo ni ukungu wa namna nyingine, nao huambukiza. Mashine ya kinyozi ikitoka kichwani mwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine bila kusafishwa, nusu ya darasa huweza kuwa nayo. Mzazi hupaka mafuta, hupaka dawa ya kidonda, na wengine hata mafuta ya taa, jambo ambalo ni hatari kabisa. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kuwa ukungu umeingia ndani ya shina la unywele. Lazima mtoto apewe dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma mengi kama tabibu atakavyopima, wala asiiache kwa sababu baka limeanza kupungua. Kwa hiyo mpelekeni mtoto hospitali mapema. Na kwa kinyozi msione haya kusema, “Ndugu yangu, futa meno ya mashine kwa spiriti kwanza.” Kinyozi mwema hatakasirika. Akikasirika, nywele zako zaweza kungoja kinyozi mwingine.

Tusisahau kuwasifu vijana wetu wenyewe. Morani wengi waliokwenda Arusha, Dar es Salaam na Unguja wamekuwa wasusi, wakisuka nywele za wanawake kwa vidole vile vile vilivyosokota nywele za morani wenzao porini. Wazee wengine hawapendi kuona hivyo, kwamba shujaa ashike kichwa cha mwanamke kwa fedha, na hoja yao twaielewa. Sisi twaona tu kwamba ufundi wa nywele ambao tuliuita uchafu umepata wateja mjini wanaokaa saa nyingi kitini wakiungoja.

Twarudi kwa Yeyo, kisha tutaketi. Tulimwendea tukiwa na mzee mmoja wa boma la jirani, kama desturi ilivyo, tukakiri kosa letu mbele yake na mbele ya mwanawe. Hakutujibu siku ile. Siku ya tatu alituletea maziwa katika kibuyu, nasi tukajua kwamba twaweza kuendelea kukaa katika nyumba yake. Kijana aliziacha nywele zake ziote. Unywele huota kama sentimeta 1 kwa mwezi, na miezi 14 ilipita kabla ya siku ya rika lake. Wenzake waliketi na nywele zilizofika mgongoni. Za kwake, ukizivuta, zilikuwa urefu wa kalamu. Sisi tulisimama mbali, penye wageni. Tulimwona Yeyo akichovya vidole katika maji yenye maziwa, akimlowesha utosi, kisha kisogo, polepole, na alipofika penye makovu yale matatu aliuinua wembe akayapita bila kuyagusa, halafu akaendelea.

Maji aliyotumia hayakujaza kibuyu kimoja.

Mezani hapa tumeleta mashine ya kunyolea, chupa ya spiriti, chanuo, na shampuu ya dawa ambayo tabibu alituandikia, ili mwone sura yake msije mkauziwa nyingine. Mwenye mtoto mwenye mabaka kichwani asiondoke kabla ya kuzungumza na muuguzi aliyeketi pale mlangoni. Wa nyuma sogeeni mbele, na mwenye swali aulize.